Mwenye Kupakua Chakula
Andiko: Danieli 1:8–16

Leo naanza kwa kuungama. Bajeti ya shule ya Jumapili husainiwa na mimi, na kwa miaka miwili sehemu kubwa imeenda kwa soda na krispi. Mtoto akikariri andiko, soda. Akileta rafiki, soda. Nilisomea biashara, hesabu zilikuwa safi kabisa.

Mwezi uliopita kijana wangu wa miaka 9 akakataa kuja kanisani. Wenzake humwita Kibonge. (Ameniruhusu niseme.) Nikamwambia apunguze kula. Akaniuliza, “Kwani si ni nyinyi mnatupeanga?”

Nikanyamaza, nikaenda kusoma. Huko Marekani kuna utafiti uitwao ABCD, unaofuatilia watoto zaidi ya 11,000 tangu wakiwa na miaka 9 na 10. Picha za ubongo zilionyesha kwamba, kwa wastani, watoto wenye uzito mkubwa walikuwa na tabaka jembamba zaidi la juu ya ubongo, hasa nyuma ya paji la uso. Hapo ndipo penye kupanga, kungoja na kujizuia, na hapo huendelea kukomaa hadi mtu apite miaka 20. Kipi kilitangulia, uzito au ubongo? Picha hizo pekee haziwezi kusema. Na mtu akitoka hapa akasema pasta amesema watoto wanene hawana akili, huyo hakunisoma.

Lakini hebu fikiria: namwambia mtoto ajizuie, na kile cha kujizuia nacho bado kinajengwa ndani yake!

Tunapenda kuhubiri jinsi Danieli alivyoazimu moyoni. Sawa. Ila soma mstari wa 14 na wa 16. Msimamizi alikubali, akaondoa chakula cha mfalme, akaleta mboga. Kijana aliomba, aliyebadilisha sahani ni mtu mzima. (Najua, mstari wa 15 unasema walinenepa. Si kwa krispi.)

Chupa ya soda ya mililita 300 huwa na sukari ya vijiko vya chai kama 7. Basi kuanzia Jumapili hii zawadi ni ndizi, machungwa na maji. Baada ya ibada uwanja utakuwa wazi saa nzima, mipira ipo, na wazazi pia wacheze. Mwalimu akisikia “Kibonge”, aniite hapo hapo.

Kijana wangu nimemwomba msamaha. Jumapili iliyopita alikuja, akakaa nyuma na mama yake.