Moshi wa Dizeli na Haki ya Njia

Moshi wa dizeli hutoka kwenye ekzosi ukiwa na masizi, oksidi za nitrojeni na, mafuta yakiwa machafu, gesi ya salfa. Chembe za masizi hayo ni ndogo kiasi cha kufika ndani kabisa ya mapafu. Juni 2012 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliuweka moshi huu katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani, kundi lenye tumbaku na asbestosi. Kwamba unadhuru si jambo la kubishaniwa tena. Linalobaki ni swali la dini na maadili: dhara linalotoka kwenye gari lenye leseni, linalopeleka watu kazini, liko juu ya nani, na nani ana wajibu wa kuliondoa?

Katika pwani ya kaskazini ya Tanzania, kutoka Moa na vijiji vya Mkinga hadi Tanga mjini, swali hili linakuta fikihi ya Shafii iliyosomeshwa kwa vizazi vingi. Miongoni mwa vitabu vyake vikuu ni Minhaj al-Talibin cha Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277. Wanazuoni wa Maliki walikuwa wakali kuhusu moshi: Ibn al-Rami, fundi mkuu wa ujenzi wa Tunis katika karne ya 14, alikusanya hukumu zao, na humo moshi wa tanuri za mikate na wa hamamu umehesabiwa kuwa dhara la kuzuiwa. Mashafii walimpa mwenye mali nafasi zaidi. Kwa rai iliyopewa nguvu katika Minhaj, mtu anaweza kuigeuza nyumba yake kuwa hamamu, au duka lake kuwa karakana ya mhunzi katikati ya wauza nguo, mradi achukue tahadhari na kuimarisha kuta. Mwenye basi angeweza kujikinga kwa hukumu hiyo. Basi ni lake, dizeli ameinunua kwa halali, na wenzake wote wanafanya hivyohivyo.

Kinga hiyo haimfai. Ruhusa imefungwa kwenye tahadhari, na tahadhari za dizeli zinajulikana kwa kila fundi: nozeli zipimwe kwa wakati wake, pampu isifunguliwe kupita kiasi ili gari lipate nguvu ya mlima, chujio la masizi lising'olewe. Mafuta nayo yamesafishwa. Mwaka 2015 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilianza kutumia kiwango kimoja cha dizeli, salfa isiyozidi sehemu 50 katika milioni, na bila dizeli ya namna hiyo machujio ya masizi hayafanyi kazi ipasavyo. Tahadhari ikishapatikana, kuiacha ni uzembe, wala uzembe hauwi halali kwa kufanywa na wengi.

Zaidi ya hayo, basi halitoi moshi wake katika kiwanja cha mwenyewe. Hapa ndipo fikihi ya Shafii, pamoja na upole wake wote kwa mwenye mali, inapokaza. Minhaj hiyohiyo inakataza kuitumia njia ya wote kwa namna inayowadhuru wapitao. Hata roshani, pambo la nyumba za miji ya pwani, hairuhusiwi kutokeza juu ya njia ila iwe juu kiasi cha mtu kupita wima chini yake. Katika hadithi mashuhuri Mtume aliwataka masahaba waliokuwa wakikaa njiani waipe njia haki yake, na akataja kujizuia na kuudhi watu kuwa sehemu ya haki hiyo. Mama lishe aliye kando ya kituo na mtoto wa shule anayesubiri gari ndio wenye haki hiyo leo.

Mawaidha yana kazi yake katika kuilinda haki hiyo. Mwishoni mwa miaka ya 1990, katika kisiwa cha Misali karibu na Pemba, wavuvi walifundishwa kuhifadhi bahari kwa misingi ya Qur'ani. Lakini mvuvi huuona mwamba alioulipua kwa baruti. Dereva halioni pafu alilolijaza masizi. Kila gari huongeza kidogo tu, na hakuna anayeweza kuonyesha gari lililomuua fulani. Dhara lisilo na mtendaji mmoja haliwezi kuachiwa dhamiri ya mtu mmoja mmoja, bali huangukia mamlaka.

Dar es Salaam imeonyesha njia, na ugumu wake. Mabasi ya mwendokasi yalianza Mei 2016 kati ya Kimara, Kivukoni, Gerezani na Morocco, na daladala zikaondolewa katika barabara hiyo. Mabasi hayo yalitumia dizeli, ila basi kubwa lililojaa hutumia mafuta kidogo kwa kila abiria kuliko daladala kadhaa. Baadaye magari mengi jijini yamehamia gesi asilia, na Nairobi mabasi ya umeme yameingia barabarani tangu 2022. Majalla, sheria ya Waothmani ya karne ya 19, inaruhusu mtu mmoja abebeshwe dhara ili umma uokoke. Hata hivyo, mji mzima unaponufaika, si uadilifu hasara imkalie mwenye daladala moja aliyoinunua kwa mkopo. Waraka wa Papa Fransisko wa 2015, Laudato Si', nao haukubali uharibifu wa mazingira utenganishwe na dhuluma wanayotendewa maskini.

Majalla hiyo ina kanuni nyingine, ambayo mipango ya miji huisahau: dhara halihesabiwi limeondolewa likibadilishwa kwa dhara mfano wake. Mji ukinunua mabasi safi, ya zamani hayatoweki. Huuzwa, na mnunuzi mara nyingi ni wa njia za mikoani na vijijini. Ndivyo nchi tajiri zinavyofanya kwa magari yao, na ndiyo sababu Kenya inakataa kuingiza magari yaliyozidi miaka 8, Uganda imekataa yaliyozidi 15 tangu 2018, na Tanzania inayatoza makuukuu ushuru wa ziada. Basi lililochoka likitolewa jijini na kupewa njia ya Moa, mtu wa Moa amepokea moshi ulioondolewa na mabasi mapya asiyoyapanda. Zabuni ya mabasi mapya isiyoagiza ya zamani yakatwe chuma chakavu au yabadilishwe injini kabla ya kuuzwa haijaondoa dhara, na haifai kupitishwa.