Mshale Juu ya Herufi

Ninachapa tasnifu ya uzamili hapa Mji Mkongwe, na kila vekta inanidai mshale juu ya herufi yake. Kwenye LaTeX amri yake ni \vec. Mshale huo ni mfupi: unaitosha herufi moja, ila juu ya AB hukaa kama kofia ya mtoto kichwani kwa mtu mzima, ikabidi kutumia \overrightarrow, unaorefuka hadi mwisho. Mwenzangu huniuliza: ya nini taabu yote hiyo? Msoma fizikia anajua kuwa nguvu ni vekta.

Swali lake naliona la maadili kuliko la uchapaji. Alama huwekwa kwa ajili ya nani, anayejua au asiyejua?

Watoto wa vyuoni hulijua jambo hili mapema. Andika be mbili bila irabu, msomaji atakisia: baba, bibi au bubu? Mwandishi haoni tatizo, kwani neno analo kichwani. Irabu ni haki ya msomaji.

Na hasara yake si ndogo. Nguvu ya 3 na ya 4, kwa namba tupu, ni 7. Zikikutana kwa pembe mraba ni 5. Zikipingana ni 1. Au tazama kibla: Makka iko takriban kilomita 3,000 kutoka Unguja, karibu kaskazini kabisa. Huko ndiko unakoelekea mihrabu wa Kizimkazi, wenye maandishi ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107. Shika kilomita hizohizo uende kusini, utaishia baharini, kusini ya Madagaska.

Vitabu vingi huchapa vekta kwa herufi nzito bila mshale, na ukurasa hupendeza. Lakini chaki haina herufi nzito, na kopi iliyotolewa kwenye kopi huzifanya herufi zote zilingane weusi. Uzuri ule ulimfaa msomaji wa kwanza. Wa mwisho, aliyeuhitaji zaidi, haukumfikia.

Sisemi mshale uwekwe kila mahali. Panapotajwa ukubwa peke yake, kuuweka ni uongo. Tena mshale wenyewe haujidai: hutazama kulia daima, hata nguvu ikivuta chini. Haukwambii uelekeo ni upi. Unakwambia tu kwamba upo, uutafute. Kwa mwandishi, kumfikishia msomaji hilo ndiyo amana.