Chakula cha Kununua na Ulimi wa Mlaji

Tumeulizwa na vijana wa darasa letu suala ambalo kwa dhahiri yake ni dogo, nasi twaliona kuwa si dogo. Mtu akila katika kibanda cha chakula, au akafungiwa chakula akaenda nacho kwake, kisha asikipende, je, yafaa awaambie watu wasinunue hapo? Au hiyo ni ghiba, na yalimpasa kunyamaza? Wala waliouliza hawakuuliza kwa kupenda ubishi. Wawili kati yao ni wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Pwani kilichoko Kilifi, na chakula chao cha kila siku ni cha kununua.

Sharti kwanza tuujue mji wenyewe. Mombasa ilipopata chuo cha MIOME pale Tudor mwanzoni mwa miaka ya 1950, chuo ambacho tangu 2013 ni Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa, mji ulikwisha kuwa mkubwa, ukawameza wanafunzi hao wala usibadilike. Kilifi haikuwa hivyo. Hata lilipofunguliwa daraja mwaka 1991 watu walikuwa wakivuka kwa feri, na pale penye chuo palikuwa na chuo cha kilimo tu. Mwaka 2007 kikafanywa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Kenyatta, na mwaka 2013 kikapewa hati ya kuwa chuo kikuu kamili. Wakaja maelfu ya vijana kutoka kila pembe ya Kenya, na kila kijana amekuja na tumbo lake. Ndipo vilipozuka vibanda na vijihoteli kandokando ya njia: asubuhi mahamri kwa mbaazi za nazi, na chapati kwa maharagwe, mchana wali na samaki, au ugali na sukuma, jioni viazi vya karai kwa ukwaju, bajia, mishikaki na chipsi. Zamani chakula cha moto kilitiwa ndani ya mfuko wa plastiki. Tangu mifuko hiyo ya kubebea ilipopigwa marufuku katika Kenya mwezi wa Agosti 2017, wengi huja na mabakuli yao. Na wengi wa wauzaji ni wanawake, na kati yao wamo wajane, na rasilimali yao ni sufuria mbili na mkopo wa chama.

Basi neno moja la mwanafunzi laweza kumwondolea mmoja wao wanunuzi wote kwa juma moja. Na kunyamaza kwake kwaweza kuwalaza wenzake kumi hospitali. Hapo ndipo penye uzito wa suala.

Twasema ya kwamba lawama za chakula ni namna mbili, na watu huzichanganya. Iko lawama ya ladha, na iko lawama ya madhara.

Ama ladha, mwenendo wa Mtume (s.a.w.) unajulikana. Abu Huraira amepokea kuwa Mtume hakupata kukitia ila chakula hata siku moja. Akikitamani alikila, asipokitaka alikiacha. Na wazi zaidi kwa suala letu ni kisa cha yule mnyama wa jangwani afananaye na kenge, aliyeletwa mezani akiwa amechomwa. Mtume hakumla. Alipoulizwa kama ni haramu alikanusha, akaeleza kuwa hakuwako katika nchi ya watu wake, na nafsi yake haikumpenda. Khalid bin Walid akamvuta upande wake akala, na Mtume akimtazama. Tazama adabu iliyomo humo! Aliyeacha alitoa sababu iliyo ndani yake mwenyewe, wala hakuiweka juu ya mpishi wala juu ya aliyekula.

Sasa mfikirie kijana aliyelelewa Nyeri kwa githeri, au Kisumu kwa ugali na samaki wa ziwani, aonjapo wali wa nazi mara ya kwanza. Husema, "Wali huu una mafuta, tena una sukari." Kweli yake ni kuwa hakuuzoea. Na sisi watu wa pwani tusijitoe katika lawama hii, kwani tukipewa githeri hukunja nyuso kama tuliopewa dawa. Kusema "mimi sikukipenda" ni khabari ya ulimi wako, na watu watakupa udhuru. Kusema "chakula chake hakiliki" ni hukumu uliyoikata juu ya mali ya mtu, na juu ya kazi ya mikono yake, kwa ushahidi wa sahani moja. Kadhi hakubali ushahidi wa namna hiyo hata katika kesi ya kuku. (Wako na waume ambao hawathubutu kumlaumu mwuza bajia, ilhali majumbani mwao hakipiti chakula cha usiku bila ya maneno. Hao hatuwasemi leo.)

Ama madhara, hukumu yake ni nyengine kabisa. Ni Mtume huyo huyo, asiyelaumu ladha, aliyepita sokoni akatia mkono ndani ya fungu la nafaka, vidole vikakuta maji. Mwenye mali akasema kuwa imenyeshewa na mvua. Akaulizwa kwa nini hakuiweka iliyorowa juu watu wakaiona. Na akatoa pale lile onyo kali kwa kila mwenye kughushi. Basi kunyamaza mbele ya ila iliyofichwa si adabu. Na Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, katika Riyadhu Swalihina ametaja mambo sita yanayohalalisha kumtaja mtu kwa asilolipenda, na moja katika hayo ni kuwatahadharisha watu na shari.

Walakini mwenye kutahadharisha lazima ajue asemalo. Chukua wali. Wataalamu wa afya wamethibitisha kuwa mna vijidudu katika mchele ambavyo mbegu zake hazifi kwa kupikwa. Wali ukikaa saa nyingi hali ni vuguvugu, mbegu zile humea, vijidudu vikazaana, vikatoa sumu. Na sumu hiyo haiondoki hata wali ukirudishwa motoni ukafuka moshi. Kwa hivyo mpishi akisema "nimeupasha ukachemka," amesema kweli wala hakukuokoa. Wali wa nazi nao huchacha upesi kwa joto la kwetu. Mafuta ya karai yanayotumika siku baada ya siku huwa meusi, hutoa povu na moshi kabla ya kiazi kuingia. Hilo laonekana kwa macho wala halihitaji elimu. Lakini sahani yenye ufa, meza yenye nzi mmoja, au mpishi mwenye maneno makavu, hayo siyo madhara ya kumharibia mtu jina.

Tulikwenda sisi wenyewe na wenzetu kwa muda wa mwezi mmoja, tukanunua hapa na pale na kufungiwa, ili tusijibu kwa kukisia. Mengi tuliyoyala yalikuwa mazuri, na mbaazi za kibanda kimoja kilichoko karibu na lango hatujapata kuonja mfano wake kwa miaka mingi. Mahali pamoja tulipewa wali ambao ni mwiku, umechanganywa na mpya. Hatukusema mbele ya wanunuzi. Tulingoja hata watu walipopungua, mmoja wetu aliye mkubwa kwa umri akamwambia yule mama kwa upole. Hakukana. Alisema, "Sheikh wangu, sufuria hii nikiimwaga, kesho sina cha kununulia mchele."

Neno hili lilituzuia kujibu kwa haraka. Njaa ya watoto wake ni haki, na afya ya watoto wa watu ni haki, na haki hizi mbili zimekutana ndani ya sufuria moja. Hata hivyo hatuoni njia ya kumhalalishia, kwani mwenye dhiki hupewa ruhusa katika nafsi yake, wala hapewi ruhusa ya kutia dhiki yake katika tumbo la mwenziwe asiyejua. Lakini pia twaona kuwa aliyemkuta katika hali ile, akatoka kwenda kutangaza, ametenda nusu ya wajibu iliyo rahisi. Tulimshauri apike mara mbili kwa sufuria ndogo badala ya mara moja kwa kubwa. Akakubali, akaongeza shilingi kumi kwa sahani kwa ajili ya makaa. Na wa kwanza kunung'unika walikuwa ni wanafunzi wale wale waliokuwa wakilalamika juu ya mwiku.

Basi jawabu letu ni hili: mwenye ila ya madhara aambiwe kwanza yeye, kwa siri. Akikataa, na madhara yakawa ya hakika, waambiwe wale wanaonunua kwake, kwa kadiri ya ila ile na isizidishwe; na bwana afya wa kaunti apelekewe khabari, kwani ndiye mwenye amri, na sheria inamtaka kila ashikaye chakula cha kuuza awe na cheti cha kupimwa. Ama kukipiga picha kibanda na kukieneza kwa simu mpaka Nairobi na Eldoret, kwa watu ambao hawatakula hapo maisha yao, huko si kutahadharisha. Wapi na wapi! Na aliyepewa kuku wa bure ili akisifu kibanda kwa simu yake, naye akasifu bila ya kutaja kuwa alilishwa, huyo ameuza ushahidi kwa kipaja cha kuku.

Mmoja wa vijana aliligeuza suala, nasi tulimshukuru. Je, mwenye kibanda naye ana haki ya kumsema mnunuzi? Kwani wanafunzi hula kwa daftari wakingoja fedha za mkopo wa serikali, na fedha hizo huchelewa. Na wako wanaomaliza masomo wakapanda basi, na daftari halikufutwa. Hapo asili iko: mwenye uwezo akichelewesha deni, kuchelewesha kwake ni dhulma, na mdai huwa na ruhusa ya kusema kuwa fulani amenidhulumu. Basi mama yule anayo ruhusa kumtaja kwa wauzaji wenziwe yule aliyekwisha kupokea fedha zake akapita njia ya pili asionekane. Lakini orodha ya majina tuliyoiona imebandikwa ukutani katika kibanda kimoja ilikuwa na wote pamoja, aliyekimbia na anayengoja. Tulimwomba mwenyewe aibandue, akaandika upya karatasi yenye majina matatu tu, akaitia ndani ya mtoto wa meza.