Nia, Tendo na Mizani: Msimu wa NBC wa 2016

Msimu mpya ambao televisheni ya NBC ya Marekani iliufungua Septemba 2016 ulileta tamthilia tatu ambazo kwa sura ya nje hazina undugu. The Good Place, ya vichekesho kuhusu maisha baada ya kifo, ilianza tarehe 19. Siku ya pili yake ikaja This Is Us, hadithi ya familia, na Oktoba 3 ikafuata Timeless, ya watu wanaosafiri kurudi enzi zilizopita. Mtazamaji aliyezifuata zote tatu alikuta zinashika swali moja, ambalo wanazuoni wa dini na wanafalsafa wamelivutania kwa karne nyingi: tendo la mwanadamu hupimwa kwa nia iliyolizaa au kwa matokeo yake? Na anayepima, je, ana nafasi ya kusamehe?

Timeless iliweka uzito kwenye matokeo. Katika sehemu ya kwanza mwanahistoria Lucy Preston anatumwa hadi mwaka 1937, siku ya ajali ya Hindenburg, kumzuia mtu anayetaka kuvuruga historia. Anarudi nyumbani na kumkuta mama yake, aliyemwacha akiwa mahututi kwa saratani, yuko mzima wa afya. Lakini Amy, ndugu yake, hayupo wala hakuwahi kuzaliwa. Lucy hakukusudia ubaya wowote. Hata hivyo anaubeba upotevu huo kama deni, na hapo tamthilia inakaribiana na sheria za kale kuliko inavyoonekana. Qurani, katika Sura ya An-Nisaa, humtoza aliyeua kwa bahati mbaya diya na kafara, ingawa haimweki fungu moja na muuaji wa makusudi. Torati nayo ilitenga miji ya makimbilio kwa ajili ya mtu wa namna hiyo, naye alipaswa kubaki humo hadi kuhani mkuu afariki. Nia njema humwondolea mtu dhambi ya kuua. Haimwondolei wajibu kwa waliofiwa.

This Is Us, iliyotungwa na Dan Fogelman, ililigeuza swali: wema ukizaliwa na tendo baya, je, tendo hilo husafika? Jack na Rebecca wanatarajia watoto watatu kwa mpigo, mmoja anafariki wakati wa kuzaliwa, na siku hiyohiyo analetwa hospitalini mtoto aliyetelekezwa kwenye kituo cha zimamoto. Wanamchukua, naye anakuwa Randall. Miaka 36 baadaye Randall anambishia hodi William, baba aliyemzaa, akiwa amejiandaa kumtolea dukuduku lake lote na kuondoka. Anayasema yote, kisha anamkaribisha kwake akawaone wajukuu zake. Huo ndio mkondo wa kisa cha Yusufu na ndugu zake, katika Biblia na katika Qurani vilevile: waliotenda ubaya wanasamehewa, kheri inatokea, lakini ubaya unabaki na jina lake. Tamthilia ilikuwa sahihi kutomgeuza William kuwa chombo kisicho na lawama.

The Good Place, kazi ya Michael Schur, ndiyo iliyolikabili swali uso kwa uso. Eleanor Shellstrop, anayeigizwa na Kristen Bell, anafumbua macho akiwa amekaa kwenye kochi, na ukutani mbele yake pameandikwa kwa herufi kubwa za kijani maneno ya kumkaribisha na kumtuliza. Mlango unafunguka. Mzee mwenye mvi aitwaye Michael, anayeigizwa na Ted Danson, anamweleza kwamba amekufa na kwamba yuko Mahali Pema. Eleanor anauliza ni dini ipi iliyokuwa na ukweli. Anajibiwa kwamba kila moja ilipatia kama asilimia 5 hivi, na aliyekaribia zaidi ni kijana wa Kanada aliyelewa uyoga miaka ya 1970 akabahatisha asilimia 92. Utaratibu ni kwamba kila tendo duniani lina alama zake, za kuongeza au za kupunguza, na mtu akifa hesabu inafungwa. Wa juu kabisa ndio huingia.

Eleanor si wa mahali hapo. Kazi yake duniani, huko Arizona, ilikuwa kuwauzia wazee dawa bandia kwa simu. Ameingia kwa jina la mwanamke mwingine. Anamwomba Chidi Anagonye, mhadhiri wa falsafa ya maadili aliyezaliwa Nigeria na kukulia Senegal, amfundishe wema kabla hajagundulika. Masomo hayo si mapambo. Schur aliwataka ushauri wanafalsafa Pamela Hieronymi na Todd May, na kitabu cha T. M. Scanlon cha 1998, What We Owe to Each Other, kinatajwa mara kwa mara darasani.

Karibu na mwisho wa msimu wa kwanza lipo tukio linalobeba hoja nzima. Eleanor, akijua alama zake hazitoshi, anajishughulisha na kila jambo jema: anawafungulia watu mlango, mmoja baada ya mwingine, huku akikodolea macho kifaa kinachohesabu alama zake. Namba haipandi. Anafanya yote ili asifukuzwe, na mizani imeliona hilo. Namba inapanda pale anapoamua kuondoka mwenyewe ili wenzake wasiumie kwa sababu yake. Immanuel Kant alitoa mfano wa aina hiyohiyo mwaka 1785: mwenye duka asiyempunja mtoto kwa kuwa hataki kupoteza wateja ametenda jambo sahihi, lakini hakulitenda kwa ajili ya uadilifu. Kitabu cha Ayubu kinaanza kwa shaka hiyo, Shetani akidai kwamba uchamungu wa Ayubu unanunuliwa kwa mali na ulinzi. Na Rabia wa Basra, katika karne ya 8, anasimuliwa kuwa alibeba moto mkono mmoja na maji mkono wa pili, aichome pepo na kuuzima moto wa jahanamu, ili Mungu aabudiwe kwa ajili yake mwenyewe.

Tahani Al-Jamil, mwenzake Eleanor hapo, ni upande wa pili wa shilingi hiyo. Alichangisha dola bilioni 60 kwa ajili ya wahitaji, na bado hakustahili, kwa sababu alitaka kumzidi dada yake na kusifiwa. Wanazuoni wa Kiislamu huliita jambo hilo ria, na al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alilitengea kurasa nyingi katika kitabu chake cha Ihya. Injili ya Mathayo, sura ya 6, inaonya vivyo hivyo juu ya sadaka ya kupigiwa tarumbeta. Hata hivyo, chakula kilichonunuliwa kwa fedha za ria hushibisha sawasawa na kingine, na tamthilia inalipita jambo hili haraka mno. Aliyepokea msaada ana sauti katika swali hili, naye haulizwi.

Sehemu ya 13, iliyorushwa Januari 19, 2017, ilifichua kwamba Mahali Pema alipokuwa Eleanor palikuwa kwa kweli mahali pa adhabu. Ugunduzi mzito zaidi ulikuja katika msimu wa tatu: kwa miaka 521 hakuna mtu hata mmoja aliyeingia Mahali Pema pa kweli. Mwaka 1534 mtu mmoja Uingereza alimpa bibi yake maua ya waridi, akapata alama 145. Mwaka 2009 mwingine Marekani alifanya vilevile, akapoteza 4, kwa kuwa aliyaagiza kwa simu iliyotengenezwa na wafanyakazi wanaonyanyaswa, na maua yenyewe yalikuzwa kwa dawa zenye sumu, yakasafirishwa kwa moshi mwingi. Nia ilikuwa ileile. Dunia ndiyo iliyofungamana.

Hapa tamthilia ilifika kwa njia yake kwenye jambo ambalo dini zimelisema zamani. Paulo, katika waraka kwa Warumi, anakana kwamba kuna atakayehesabiwa haki kwa matendo yake. Hadithi mashuhuri iliyomo katika Bukhari na Muslim inasema hakuna atakayeingizwa peponi na amali zake, hata Mtume mwenyewe, isipokuwa Mungu amfunike kwa rehema. Ulimwengu wa Schur una wahasibu na una hakimu, lakini hauna Mungu. Kwa hiyo mizani yake inapowashinda watu wote hakuna wa kumkimbilia.

Suluhisho la msimu wa nne, uliomalizika Januari 30, 2020, ni kuupanga upya utaratibu wenyewe: kila anayekufa atatungiwa mtihani unaomfaa, akishindwa ataurudia huku akibaki na kumbukumbu hafifu ya alichojifunza, mpaka afaulu. Fundisho la karibu zaidi ni toharani ya Wakatoliki, iliyotamkwa na Mtaguso wa Florence mwaka 1439, lakini huko roho hutakaswa baada ya kuwa imekwisha kupokea neema. Haichumi wokovu mpya. Uislamu nao huufunga mlango wa toba roho inapofika kooni. Tamthilia imeihamisha toba ng'ambo ya kaburi, na kwa kufanya hivyo imeyapunguzia uzito yale maisha ambayo Eleanor aliyatumia kuwauzia wazee dawa bandia.