Kuamua Hufundishwa Wapi?

Mwanafunzi wa Gredi ya 9 nchini Kenya hutakiwa kuchagua. Ana miaka 14 au 15, na mbele yake ipo mikondo mitatu ya sekondari ya juu: wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati; wa sayansi za jamii; na wa sanaa na sayansi ya michezo. Kiingereza, Kiswahili na hisabati atasoma apende asipende. Sayansikimu pamoja na upishi na ushonaji wake, uchoraji na ufinyanzi, muziki na densi, thieta na filamu, hayo ameachiwa mwenyewe, na si kila shule itakuwa nayo. Kundi la kwanza la mpango huu liliingia Gredi ya 10 Januari 2026.

Mjadala kuhusu masomo haya hugeuka upesi kuwa wa ajira. Je, mchoraji atakula nini? Mzazi anayeuliza hivyo ana haki yake. Ila lipo swali linalotangulia hilo: uwezo wenyewe wa kuchagua vyema, mtu huupata wapi?

Mwanafalsafa Immanuel Kant, katika kitabu alichokitoa mwaka 1781 kuhakiki uwezo wa akili, aligusia jambo ambalo kila mpishi analijua. Kanuni hufundishika. Lakini kutambua kwamba hili lililo mbele yako ndilo linalosemwa na kanuni, hakuwezi kufundishwa kwa kanuni ya pili, maana hiyo nayo ingehitaji ya tatu ya kuonyesha jinsi ya kuitumia, bila kikomo. Lazima pafike mahali mtu aamue. Kant aliona kwamba uwezo huo hautolewi kwa maelezo. Hukua kwa mazoezi.

Kitabu cha upishi kinasema unga ukandwe hadi ulainike. Ulainike kiasi gani? Unga wa gunia hili hunywa maji mengi kuliko wa juzi, na donge lenye hamira huumuka upesi zaidi kwenye joto la Mombasa kuliko kwenye baridi ya Limuru. Anayekanda huviuliza vidole vyake, na vidole havina jibu kama havijawahi kukosea. Mtihani wa sayansikimu wa kumaliza sekondari (KCSE), katika mfumo wa elimu wa 8-4-4 unaoelekea ukingoni, hulizingatia hili. Mbali na karatasi ya nadharia, ipo ya ushonaji na ya upishi. Katika upishi mtahiniwa huandika kwanza mpango wake: atapika nini, kwa viungo gani, kipi kitangulie kipi. Kisha huingia jikoni kuutekeleza. Jiko likichelewa kushika moto, mpango wote unayumba, na ni yeye wa kuamua papo hapo aokoe nini na aache nini. Kwenye ushonaji mambo ni magumu zaidi, kwa sababu mkasi ukishapita kitambaa hakirudi. Sijui somo jingine la shule linalomfundisha kijana mapema hivyo kwamba kuamua kuna gharama.

Magdalene Odundo, mfinyanzi aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950, hujenga vyungu vyake kwa mkono bila gurudumu. Ukuta wa chungu cha namna hiyo ukiwa mwembamba mno huporomoka, na ukiwa mnene mno huweza kupasuka tanuruni. Hakuna wa kumwonyesha mfinyanzi palipo katikati. Mwanafunzi anayefanya mtihani wa kuandika anaweza kujiuliza mwalimu anataka nini, akaandika hicho, akapata alama. Udongo hautaki chochote. Haubembelezeki wala haupokei visingizio, na kijana aliyezoea kukisia matakwa ya wakubwa hukutana hapo, pengine kwa mara ya kwanza, na kitu kinachomrudisha kwenye macho yake mwenyewe.

Jukwaani, uamuzi huwahusu watu. Msichana wa miaka 16 anayeigiza baba mkali lazima azitafute sababu za mtu asiyekubaliana naye, azishike kwa dhati kiasi cha kuzisema, kisha azitue mchezo ukiisha. Shule za Kenya hujivunia vikombe vya tamasha la kitaifa la drama, lakini kwa miaka mingi drama yenyewe imekuwa kazi ya jioni baada ya vipindi. Hilo linanisikitisha.

Mtu atasema hisabati nayo hufunza kuamua. Ni kweli, anayetafuta uthibitisho huchagua njia kati ya njia nyingi. Lakini swali la darasani huja limekwisha kupepetwa: taarifa zilizomo zinatosha, hakuna ya ziada, na jibu linangoja mwishoni. Ugonjwa wa mzazi, ugawaji wa shamba, au uchaguzi wa mwenzi haviji kwetu hivyo.

Basi tunamtaka mtoto achague kabla hajapewa cha kuchagulia, na mazoezi ambayo yangempa uwezo huo tumeyaweka kati ya yanayoweza kuachwa. Sekondari msingi ina somo linalounganisha sanaa na michezo kwa wote, na ni jambo jema. Hata hivyo, vipindi vinavyogawanywa kati ya wimbo, picha na mpira havimfikishi mtu pale ambapo kazi inaanza kumkatalia. Mvulana aliyeambiwa sayansikimu ni ya wasichana amenyimwa zaidi. Gharama za vyerehani, tanuri na ala zipo, ila udongo na jiko la mkaa si vitu vya kuishinda shule yenye nia.

Rai yangu kwa wanaopanga mitaala na kwa wakuu wa shule ni hii: kila mwanafunzi wa sekondari ya juu, awe wa mkondo wowote, asome kwa mwaka mzima wa Gredi ya 10 angalau somo moja la jikoni, la karakana ya sanaa au la jukwaani. Achague mwenyewe ni lipi, lakini asiruhusiwe kuyaacha yote.