Wenziwe Wako Wapi?

Kuna tumbawe laini ambalo wafugaji wa matangi ya bahari duniani kote hulijua kwa jina la mti wa Kenya. Huzaa kwa kujikata. Tawi la pembeni huanza kukonda pale linaposhikana na shina, likaendelea kukonda siku baada ya siku hadi kinachobaki ni uzi, kisha uzi nao ukakatika. Mkondo wa pampu hulichukua hilo tawi, ukaligonga kwenye kioo, ukalibingirisha mchangani. Likibahatika kukwama penye jiwe tulivu, hapo ndipo kwake. Baada ya muda ukilivuta halivutiki tena, na ukisogeza kioo cha kukuza unaona polipu zake zimefunguka, kila moja na minyiri yake minane yenye vinyweleo pande zote mbili.

Tumbawe hili tunalo sebuleni kwetu Lavington, ndani ya tangi la lita 300, karibu kilomita 500 kutoka ufukwe wa Mombasa na zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Maji yake ni ya bomba, yaliyochujwa mpaka karibu hayana chochote ndani, kisha yakatiwa chumvi ya bahari ya pakiti, kiasi cha gramu 35 kwa lita. Mwezi wa Julai, baridi ya Nairobi inapokaza, hita haizimwi. Stima zikipotea, betri hushika pampu kwanza na taa baadaye, kwa sababu tumbawe huvumilia giza la siku nzima, lakini maji yakisimama na hewa ikaisha, saa chache zinatosha kuliua. Kijitawi cha kwanza tulipewa na mfugaji mwenzetu wa hapa hapa jijini, ambaye naye alipewa na mwingine, na huyo mwingine sijui alipewa na nani. Napenda iwe hivyo. Biashara ya kimataifa ya matumbawe ya mawe yote iko chini ya mkataba wa CITES, na katika hifadhi zetu za bahari kung'oa tumbawe ni kosa la jinai. Afadhali tawi litoke mkononi mwa jirani kuliko mwambani.

Tangi letu limejaa sasa. Binti yangu, aliye gredi ya nne, huyaita matawi madogo watoto, na kila anapoona shina limeanza kukonda hukimbia kutuita jikoni.

Mjomba wangu alipokuja Nairobi kutibiwa macho alikaa kwetu. Ni mvuvi wa pwani ya kusini, upande wa Shimoni, aliyetega madema tangu ujanani, na uzeeni akajiunga na vijana wanaopanda matumbawe baharini. Jioni ya kwanza binti yangu alimshika mkono akampeleka mbele ya kioo.

"Babu, huyu mkubwa amewazaa hawa wote peke yake!"

Mjomba aliinama, akatazama kwa jicho lisilofungwa bandeji. "Mashallah. Amezaa kweli. Na wenziwe wako wapi?"

"Hawa hapa, Babu."

"Hawa ni yeye yuyo, mjukuu wangu. Mimi nauliza wenziwe."

Mtoto alinitazama mimi, nami nikakosa la kumjibu.

Kila tawi lililokatika mle tangini ni mwili ule ule wa mama, damu ile ile, udhaifu ule ule. Ukiligawa kwa nyumba 100 za Nairobi utakuwa na matangi 100 yenye tumbawe moja. Maradhi yanayolimaliza hapa yatalimaliza na kule. Kwa tumbawe, kujikata ni njia nzuri ya kujaza mahali palipo pazuri tayari. Mawimbi ya kusi huvunja matawi baharini kila mwaka na yale yaliyovunjika huota upya. Lakini mahali pakibadilika, bahari ikapata joto ambalo haikuwahi kulijua, kinachohitajika ni mtoto asiye nakala ya mzazi wake, na mtoto huyo hapatikani kwa kujikata.

Baharini njia ya pili ipo. Chukua matumbawe ya matawi ya jamii ya Akropora. Tumbawe moja hubeba mayai na mbegu za kiume kwa pamoja. Usiku wake ukifika, kwenye mdomo wa kila polipu hutokeza kifurushi cha rangi ya waridi, kidogo kuliko punje ya mtama. Hukaa pale mdomoni kwa muda, kisha vyote huachiwa karibu wakati mmoja na kuelea hadi juu ya maji. Huko juu hupasuka, mayai huku na mbegu huku, vikaanza kutafutana. Na hapa ndipo penye jambo lenyewe: kwa wengi wa jamii hii, mbegu za tumbawe hazirutubishi kwa urahisi mayai ya tumbawe lile lile. Zinatafuta mayai ya mwingine. Zikiyapata, kiluwiluwi huogelea siku kadhaa, akitafuta jiwe lililotandazwa na mwani mgumu mwekundu, na akilipenda hujibandika na kuwa polipu moja isiyozidi ukubwa wa kichwa cha pini. Wengi mno huliwa au hupotea kabla ya kufika hapo.

Mwaka 1984 watafiti wa Australia walitangaza katika jarida la Science kwamba kwenye Great Barrier Reef spishi nyingi huachia mayai katika usiku chache zile zile baada ya mwezi mpevu wa masika ya kwao. Dunia ilistaajabu. Sisi tulio karibu na ikweta hatuna usiku mkubwa wa namna hiyo. Utafiti uliofanywa katika hifadhi ya bahari ya Mombasa miaka ya 2000 ulionyesha kwamba matumbawe yetu hutawanya uzazi wao katika miezi kadhaa, hawa mwezi huu, wale mwezi ujao, na sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanyika wakati wa kaskazi, bahari inapokuwa na joto na utulivu. Nadhani hilo linaufanya ujirani kuwa na thamani zaidi kwetu. Kama usiku wako umefika na aliye tayari usiku huo huo yuko mbali, mayai huelea, yakaoza.

Wapo waliofanikiwa kuleta usiku huo ndani ya nyumba. Kwenye jumba la makumbusho la Horniman, London, timu ya Jamie Craggs ilianza mwaka 2012 kujenga matangi yanayoiga bahari ya mbali: macheo na machweo yake, kupanda na kushuka kwa joto lake mwaka mzima, hata mwezi unaokua na kufifia kwa taa. Mwaka 2017 walichapisha namna walivyofanya, na wafugaji wa matangi duniani wakaisoma kwa hamu kubwa. Mimi pia niliisoma. Kilichonigusa ni kwamba baada ya ustadi wote ule wa taa na mitambo, bado walihitaji matumbawe kadhaa yasiyo ndugu. Vifurushi vilikusanywa kutoka kwa huyu na yule, vikachanganywa bakulini kwa mkono.

Mjomba hajasoma makala hayo. Anayoyajua ameyaona. Alikuwako mwaka 1998, mwaka wa El Niño, bahari ilipochemka na mwamba ukapauka kuanzia Kiunga hadi Vanga. Katika sehemu nyingi za pwani yetu zaidi ya nusu ya matumbawe yalikufa. Tumbawe hupauka linapotoa nje mwani mdogo unaoishi mwilini mwake na kulilisha. Joto likiendelea, njaa hulimaliza. "Ilikuwa nyeupe pepepe," aliniambia, "na baada ya miezi ikageuka kijani cha mwani, samaki wakahama." Hakulia waliokufa peke yao. Alisema yale machache yaliyobaki hai yalikaa mbalimbali sana, moja hapa, jingine mbali huko, na kwa miaka hakuona vichanga vipya kwenye mawe. Kwa maneno yake, yaliyosalia yalikuwa wajane.

Siku hizi, katika vitalu vyao chini ya maji, vijana anaofanya nao kazi hukata vijitawi, wakavipachika kwenye vishikizo, vikakua, kisha wakavihamishia mwambani. Kukata ni kule kule kwa tangi langu. Tofauti ni kwamba mzee huyu hawaruhusu vijana wakate kutoka kwa mama mmoja, hata kama ndiye mwenye afya kuliko wote. Lazima wazunguke. Hapa wachukue kidogo, pale kidogo, ng'ambo ya mlango wa bahari kidogo, kisha wavipande jirani jirani, wa asili hii akikaa ubavuni mwa wa asili ile. Ni kazi ya kuchosha, na petroli ya boti inagharimu. Anaipigania kuliko kitu kingine chochote.

Ardhi hii ya Lavington ina habari inayofanana na hiyo ya matumbawe. Mapadre Wafaransa wa Roho Mtakatifu walifungua misheni ya St. Austin's hapa mwaka 1899, na shamba lake ni kati ya mahali pa mwanzo kabisa palipopandwa kahawa karibu na Nairobi. Mbegu zilipitia Bura, Taita, zikiwa na asili ya kahawa ya kisiwa cha Réunion. Kahawa ya arabika hujichavusha yenyewe, kwa hiyo mashamba yalienea huku damu ikibaki ile ile nyembamba. Chulebuni, ule ugonjwa unaoozesha matunda ya kahawa yangali mabichi, ulionekana Kenya mwaka 1922, na wakulima waliteseka nao kwa miongo. Nafuu kubwa ilikuja mwaka 1985, Ruiru 11 ilipotolewa: mche uliozaliwa kwa kukutanisha kahawa za Kenya na ndugu wa mbali, akiwemo mmoja wa asili ya Sudan na mwingine wa Timor. Walihitajika wageni.

Nayaandika haya nikiwa mzazi, na swali la Mjomba limenikaa kifuani kwa sababu ya mtoto kuliko kwa sababu ya tumbawe. Binti yangu anakulia ndani ya ukuta wenye waya wa stima juu yake. Basi la shule humchukua langoni na kumrudisha langoni. Watoto anaocheza nao wanaongea Kiingereza kile kile, wanatazama katuni zile zile, likizo wanakwenda hoteli zile zile. Nawapenda watoto hao. Lakini Kawangware iko mwendo wa miguu kutoka kwetu. Kila alfajiri, kabla basi la shule halijapiga honi, barabara ya Gitanga hujaa kina mama na mafundi wanaokuja kutupikia, kutufulia na kutujengea maghorofa mapya mahali palipokuwa na nyumba za bustani. Jioni hurudi. Mtaa mmoja unapumua ndani ya mwingine kila siku, na watoto wa pande hizi mbili hawajuani.

Mama anayetusaidia kazi za nyumbani, mkazi wa Kawangware, ana binti wa rika moja na wangu. Binti yangu anajua namba ya kiatu cha mtoto huyo, maana viatu vinavyombana huenda kwake. Alikuwa hajawahi kumwona uso. Nilipolitambua hilo nilisimama katikati ya jikoni na moyo ukaniuma, na mpaka leo unaniuma nikilikumbuka. Tumewapa watoto wetu kila kitu ila wenzao, na hatukuona kuwa kuna kitu tumewanyima.

Simaanishi kwamba mtoto wa Kawangware awekwe maishani mwa wangu awe dawa yake. Ana mambo yake, ana shule yake anayoongoza kwa hesabu, ana mdomo mkali kuliko wa binti yangu, jambo ambalo lilidhihirika walipokutana mara ya kwanza na kugombana kuhusu kanuni za mchezo wa kati. Nilifurahi kusikia ugomvi ule. Mwanangu alikuwa amezoea kushinda.

Mjomba amewaalika wote wawili Desemba, kaskazi ikianza kuvuma, wakaone mwamba. Mama wa binti wa Kawangware amekubali baada ya kuzungumza na Mjomba kwa simu na kumhoji vilivyo kuhusu boti, maboya na nani atakayelala chumba kimoja na watoto. Sharti la mzee ni moja: hapandi botini mtoto asiyejua kuogelea. Niliiomba kamati ya wakazi wa fleti zetu iwaruhusu wasichana hawa wajifunzie pamoja katika bwawa letu, ikajibu kuwa bwawa ni la wakazi tu. Nilibishana nao kikao kizima na bado nitaendelea kubishana. Kwa sasa Jumamosi tunapanda matatu, watoto wawili na mama wawili wenye mifuko ya taulo, hadi bwawa la kulipia upande wa mjini. Mwalimu anasema binti wa Kawangware anapiga mbizi vizuri lakini anaogopa kuelea chali. Wangu anaelea chali ila hataki kutia kichwa majini. Kwa hiyo mwalimu amewapanga wafundishane.