Kipimo cha Seremala

Chombo cha mbao kilichoundwa kwa vipande si jambo geni katika pwani ya Waswahili. Kitanda cha kamba kina matendegu manne, mifumbati miwili na vitakizo viwili. Tendegu likivunjika huchongwa jingine, na kitanda hulalika tena. Seremala yeyote aweza kulichonga, kwa kuwa kipimo chake si siri ya mtu.

Katika Ilala haja ya vyombo vya namna hiyo ni kubwa. Nyumba za Kariakoo zilipangishwa chumba kwa chumba, na chumba kimoja kilikuwa malazi, ghala na sebule ya wageni. Aliyehama alihamisha vyombo vyake kwa mkokoteni. Hata soko lenyewe, lililosanifiwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, lilifunikwa kwa miavuli ya zege ya umbo moja lililorudiwa. Hapo ndipo pamfaapo seremala chipukizi anayebuni visanduku vya mbao vinavyopangika: leo rafu, kesho meza, keshokutwa mzigo wa safari.

Lakini hapo huzuka swali la maadili. Je, kipimo cha viungo vyake akifiche au akitoe? Akikitoa, jirani yake ataiga kazi ya miaka kwa siku moja, tena kwa bei nafuu. Akikificha, mnunuzi atakuwa mfungwa wake: kipande kimoja kikivunjika, na fundi akiwa amehama au amekufa, chombo kizima huwa kuni.

Dai la seremala si dhuluma. Mbunifu naye ana watoto wa kulisha. Hata hivyo, baada ya fundi na mnunuzi yuko mdai wa tatu asiyesema, nao ni mti. Mninga hukua kwa miaka mingi kuliko miaka ya kazi ya fundi mmoja. Kuutupa kwa ajili ya kiungo kimoja kilichovunjika ni kuulipa uhai mrefu kwa matumizi mafupi.

Basi haki ya seremala na iwe katika umbo, jina na ustadi wa mkono wake. Lakini kipimo kiandikwe chini ya chombo, mahali ambapo fundi mwingine atakisoma. Huenda kwa kufanya hivyo atapoteza wanunuzi kadhaa, na hasara hiyo ndiyo gharama ya uadilifu. Mnunuzi mmoja arudiye kwa hiari ni heshima kubwa kwa fundi kuliko kumi warudio kwa kulazimika.